Hospitali Imeomba Kupandisha Bei: Namna ya Kusoma Ombi na Kutoa Maoni Yatakayosikilizwa

Kila likitoka tangazo kwamba hospitali imeomba kubadili bei za huduma, maswali ninayoulizwa ni yale yale. Kwani hospitali haiwezi kujipandishia tu? Mimi si mhasibu, hizo karatasi nitazisomaje? Nikiandika barua, kuna mtu ataisoma? Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi mno, tena mara nyingi siku mbili kabla ya kikao, wakati muda umeshakwisha. Kwa hiyo nayaandika hapa kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Mwongozo huu ni wa mgonjwa, mwanachama wa kikundi cha wagonjwa, kiongozi wa chama cha wafanyakazi chenye bima, au mwandishi wa habari anayekutana na ombi la namna hii kwa mara ya kwanza. Hesabu iliyomo ni ya kujumlisha, kuzidisha na kugawanya tu.

Kabla hujaanza, kuwa na hivi

- Orodha ya bei inayotumika sasa, na orodha inayopendekezwa. Zote mbili. Ukiwa na moja tu huna cha kulinganisha.
- Idadi ya huduma zilizotolewa mwaka uliopita: wagonjwa wa nje wangapi, siku za kulazwa ngapi, vipimo vingapi. Watu wengi husahau hii, na bila hiyo hatua ya tano haifanyiki.
- Taarifa za fedha zilizokaguliwa za hospitali, za miaka miwili au mitatu.
- Sheria au kanuni inayompa mdhibiti, yaani ofisi, bodi au tume inayosimamia bei, mamlaka. Vifungu vinavyohusu bei pekee vinatosha.
- Kikokotoo, au programu ya majedwali kama Excel.
- Bili mbili tatu za zamani za wagonjwa walioridhia kukupa, majina yakiwa yamefichwa.

Hatua ya 1: Jua nani hasa ana kauli ya mwisho

Usianze kuandika kabla ya kulijua hili. Mamlaka hutofautiana sana toka mahali hadi mahali, na barua iliyopelekwa kwenye ofisi isiyohusika haina uzito wowote hata ikiwa na hoja nzuri.

Kuna mahali serikali inapanga bei yenyewe. Japani, kwa mfano, ina jedwali moja la malipo kwa nchi nzima. Kila huduma ina pointi zake, pointi moja ni yeni 10, na jedwali hurekebishwa kila baada ya miaka miwili. Hospitali moja moja haina nafasi ya kuomba bei yake. Ujerumani, kiwango cha msingi cha malipo kwa mgonjwa wa kulazwa hujadiliwa katika kila jimbo kati ya vyama vya hospitali na mifuko ya bima, kisha mamlaka ya jimbo hukiidhinisha.

Kuna mahali hospitali inaomba na tume inaamua. Mfano unaotajwa zaidi ni jimbo la Maryland, Marekani. Tume yake, iitwayo kwa kifupi HSCRC, iliundwa mwaka 1971 na ikaanza kupanga viwango vya hospitali mwaka 1974. Vermont, katika nchi hiyo hiyo, ina bodi ya watu watano, Green Mountain Care Board, ambayo kila mwaka hupitia bajeti za hospitali pamoja na ongezeko la bei lililomo.

Halafu kuna mahali serikali inatoa bei elekezi tu, au inadai hospitali itangaze bei bila kuidhinisha chochote. Huko usipoteze nguvu kuomba “ombi likataliwe”, kwa sababu hakuna mwenye mamlaka ya kulikataa. Shinikizo lako litaelekezwa kwa bodi ya hospitali na kwa mfuko wa bima unaojadiliana nayo.

Andika jibu kwa sentensi moja: *Anayeamua ni fulani, kwa kifungu fulani, na anaweza kukubali, kukataa, au kupunguza.* Ukishindwa kuiandika, rudi kwenye kanuni.

Hatua ya 2: Weka tarehe ukutani

Tafuta tarehe nne: ya ombi kupokelewa, ya mwisho wa maoni, ya kikao, na ya bei mpya kuanza. Mfano wa Vermont unaonyesha jinsi muda ulivyo mfupi. Hospitali hupeleka bajeti mwezi Julai, vikao vya kuzihoji hufanyika Agosti, bodi hutakiwa kuamua kufikia Septemba 15, na mwaka wa fedha wa hospitali huanza Oktoba 1. Anayesikia habari mwezi Septemba amechelewa.

Hatua ya 3: Omba nyaraka kwa maandishi

Zikiwa mtandaoni, pakua leo. Usisubiri, maana faili hubadilishwa, na utataka kuonyesha kilichokuwamo siku ya kwanza. Zisipokuwepo, andika kwa mdhibiti na nakala kwa hospitali, taja nyaraka moja moja kwa jina, na omba upigiwe muhuri wa kupokelewa. Usiandike “naomba taarifa zote”. Ombi pana namna hiyo hujibiwa polepole, na likijibiwa unaletewa mzigo wa karatasi usiokuwa na jedwali unalolitaka.

Hatua ya 4: Linganisha orodha mbili, mstari kwa mstari

Weka bei ya zamani upande mmoja na mpya upande wa pili. Kabla ya kuangalia bei zilizopanda, tafuta mambo matatu.

Mistari iliyotoweka. Huduma iliyokuwa na bei ndogo imeondolewa, na mgonjwa sasa atapelekwa kwenye ile ya gharama kubwa.

Mistari mipya. Uliza kila mmoja: je, hii ni huduma mpya kweli, au ni kitu kilichokuwa ndani ya bei nyingine? Glavu, bomba la sindano, faili, kufunga kidonda baada ya upasuaji. Bei ya upasuaji inaweza kubaki pale pale huku vitu vitano vilivyokuwa ndani yake vikianza kulipiwa kila kimoja peke yake. Hilo ni ongezeko la bei, hata kama hakuna tarakimu iliyobadilika kwenye mstari wa zamani. Hapa ndipo bili za zamani zinapofaa: chukua bili ya mwaka jana, ihesabu upya kwa orodha mpya, uone jumla inafika wapi.

Mistari iliyobadilishwa kipimo. Oksijeni iliyokuwa kwa siku sasa ni kwa saa. Chumba cha upasuaji kilichokuwa kwa saa sasa ni kwa dakika 15.

Hatua ya 5: Pima ongezeko kwa uzito wake

Kama una muda wa hatua moja tu, fanya hii. Hospitali hutaja ongezeko la wastani, na wastani unategemea jinsi ulivyohesabiwa. Tuchukue hospitali ya kubuni yenye huduma nne, kwa sarafu yoyote:

- Kumwona daktari: kutoka 20 hadi 22 (asilimia 10), mara 30,000 kwa mwaka
- Siku ya kulazwa: kutoka 100 hadi 104 (asilimia 4), siku 4,000
- Kipimo cha damu: kutoka 10 hadi 13 (asilimia 30), vipimo 90,000
- Upasuaji mdogo: kutoka 1,000 hadi 900 (pungufu ya asilimia 10), mara 100

Ukijumlisha asilimia na kugawanya kwa nne unapata asilimia 8.5. Tangazo litasema “wastani wa asilimia 8.5, na baadhi ya bei tumezishusha”. Sasa zidisha kila bei kwa idadi yake. Kwa bei za zamani mapato ni 600,000 + 400,000 + 900,000 + 100,000, jumla 2,000,000. Kwa bei mpya ni 660,000 + 416,000 + 1,170,000 + 90,000, jumla 2,336,000. Ongezeko ni 336,000, yaani asilimia 16.8. Karibu mara mbili ya lililotangazwa, na hakuna aliyesema uongo kwenye tarakimu hata moja.

Bei iliyoshuka ni ya huduma inayotolewa mara 100 kwa mwaka. Iliyopanda sana ni ya huduma inayotolewa mara 90,000. Ukiweza kulionyesha hilo kwa jedwali la mistari minne, umeshaifanya kazi ambayo wajumbe wengi wa tume watakushukuru kwayo.

Angalia pia miaka iliyopita. Asilimia 6 kila mwaka kwa miaka mitatu haifanyi asilimia 18, inafanya 19.1, kwa sababu kila ongezeko linakaa juu ya lililotangulia.

Hatua ya 6: Uliza mzigo unamwangukia nani

Bei iliyo kwenye orodha si lazima iwe ndiyo inayolipwa. Bima ina mkataba wake, mpango wa serikali una kiwango chake, na mara nyingi anayelipa bei ya orodha kamili ni yule asiye na bima.

Hesabu yake ni rahisi na inashtua. Hospitali inataka mapato yake yote yaongezeke kwa asilimia 3. Asilimia 70 ya mapato hayo hutoka kwa walipaji ambao viwango vyao vimefungwa na havitasogea mwaka huu. Imebaki asilimia 30 tu inayoweza kusogea. Ili 30 ilete 3, ni lazima ipandishwe kwa asilimia 10. Hospitali itasema kwa haki kabisa kwamba inahitaji asilimia 3 tu, na mama anayelipa taslimu dirishani ataongezewa asilimia 10. Wote wawili wanasema kweli. Ndiyo sababu swali la kwanza kuuliza kikaoni ni hili: *Ongezeko hili ni asilimia ngapi kwa kila kundi la walipaji?*

Maryland walilishughulikia tatizo hili kwa kuwafanya walipaji wote wafuate viwango vile vile vya tume, isipokuwa punguzo dogo la programu za serikali lililowekwa kwa kanuni. Kama mahali ulipo hakuna utaratibu huo, basi ulinzi wa asiye na bima hauna budi kuombwa waziwazi: punguzo la wanaolipa taslimu, msamaha kwa wasio na uwezo, au kikomo cha ongezeko kwao.

Hatua ya 7: Kagua sababu zilizotolewa

Sababu za kawaida ni mishahara, dawa na vifaa, uchakavu wa majengo na mashine (yaani gharama ya kuyanunua inayogawanywa kwa miaka ya kuyatumia), na bili ambazo hazikulipwa. Usizibeze. Mishahara ndiyo mara nyingi fungu kubwa kuliko yote, na hospitali isiyowalipa wauguzi wake vizuri itawapoteza. Nimeona vikundi vikishambulia kila mstari kana kwamba hospitali yote ni wizi, na mdhibiti akaacha kuwasikiliza hata pale walipokuwa na hoja. Kubali kilicho sawa, ili utakapokataa kitu neno lako liwe na uzito.

Kwa kila sababu uliza:

Je, ni gharama ya mara moja au ya kila mwaka? Ukarabati wa paa ulifanyika mwaka mmoja. Ukiingizwa kwenye bei bila tarehe ya kukoma, wagonjwa watalilipia paa hilo milele.

Je, imeshalipiwa na mwingine? Mashine iliyotolewa kwa ruzuku au msaada haifai kudaiwa tena kamili kwa mgonjwa kupitia uchakavu.

Je, makadirio ya mwaka jana yalitimia? Weka bajeti ya mwaka jana kando ya taarifa iliyokaguliwa. Hospitali iliyosema itakuwa na hasara, ikamaliza mwaka na ziada, ina deni la maelezo.

Je, idadi ya wagonjwa imebadilika? Hapa wengi hukosea. Mahali ambapo mdhibiti huidhinisha jumla ya mapato ya mwaka, kama Maryland ilivyofanya kwa hospitali zake tangu 2014, wagonjwa wakipungua bei ya huduma moja hupanda, kwa sababu jumla ile ile inagawanywa kwa wachache. Tuseme jumla iliyoidhinishwa ni 1,000,000 na huduma ni 10,000. Bei ni 100. Huduma zikishuka hadi 9,500, bei inakuwa 105.26. Si ujanja, ndivyo mfumo ulivyokusudiwa, ili hospitali isihitaji kujaza vitanda ndipo ipate pesa. Lakini una mpaka: hospitali za huko zinaweza kusogeza bei kwa asilimia 5 bila kuomba, na hadi 10 kwa ruhusa ya tume. Hiyo 105.26 imeshavuka mpaka wa kwanza. Kwa hiyo ukiona bei imepanda mahali penye mfumo huo, angalia kwanza idadi ya wagonjwa kabla ya kulalamika.

Hatua ya 8: Andika maoni yako

Kurasa mbili zinatosha. Mpangilio unaofanya kazi ni huu: wewe ni nani na unaguswaje, unaomba nini, hoja zako mbili au tatu, jedwali moja, bili moja kama mfano.

“Tunapinga” peke yake humwacha mdhibiti na njia mbili tu, na akilazimika kuchagua kati ya hospitali kufungwa na wewe kununa, unajua atachagua lipi. Mpe njia ya katikati:

- idhini ya sehemu, kwa mfano mishahara ikubaliwe na ukarabati uondolewe;
- ongezeko liingie kwa awamu mbili;
- huduma fulani zisiguswe, hasa zile zinazotumiwa na wengi;
- hospitali ilete taarifa baada ya miezi sita kuonyesha mapato halisi, na kilichozidi kirudishwe kupitia bei za mwaka unaofuata.

Onyo: usichanganye malalamiko. Kikundi kimoja nilichokisaidia kilikuja na barua nzuri kuhusu lugha mbaya ya wahudumu na foleni ndefu. Yalikuwa mambo ya kweli na ya kuumiza. Mwenyekiti wa kikao aliyasikiliza, kisha akasema kwamba ombi lililoko mezani ni la bei. Dakika zao zikaisha. Nilitakiwa kuwatahadharisha mapema na sikufanya hivyo, ndiyo maana naliandika hapa kwa mkazo. Malalamiko ya huduma yana mlango wake. Yapeleke huko kwa barua nyingine.

Hatua ya 9: Siku ya kikao

Fika mapema ujiandikishe. Dakika unazopewa huwa chache, mara nyingi tatu au tano. Usisome barua, maana wanayo. Anza na tarakimu moja iliyo nzito kuliko zote, eleza ulivyoipata, kisha sema unachoomba. Mkiwa wengi, gawaneni: mmoja aongee hesabu, mmoja alete bili, mmoja aseme ombi. Watu kumi wakirudia jambo moja wanachosha.

Ukiulizwa swali usilolijua jibu lake, sema utaleta jibu kwa maandishi, na uulize mwisho wa kuleta ni lini.

Hatua ya 10: Soma uamuzi wote, kisha ufuatilie

Usiishie kwenye asilimia iliyotangazwa. Tafuta masharti, tarehe ya kuanza, na sababu. Uamuzi usiotoa sababu, au uliofanywa bila utaratibu wa kusikiliza watu kufuatwa, unaweza kupingwa. Mwaka 2010 mahakama kuu ya Pretoria, Afrika Kusini, ilizibatilisha kanuni za serikali za orodha ya bei rejea za huduma za afya kwa sababu ya namna zilivyotungwa. Pale walioshinda walikuwa watoa huduma. Utaratibu humlinda na kumwangusha yeyote, kwa hiyo tunza ushahidi wako wa kila hatua: barua, mihuri, tarehe. Muda wa kukata rufaa ni mfupi na huanza kuhesabiwa siku ya uamuzi au siku ya kuutangaza. Thibitisha ni ipi.

Baada ya miezi mitatu, omba bili chache mpya uzilinganishe na kilichoidhinishwa.

Ukikwama

*Nyaraka ni picha zilizopigwa kutoka karatasini, haziwezi kunakiliwa kwenye jedwali.* Omba faili ya awali kwa maandishi. Wakati unasubiri, chukua huduma 20 zinazotumiwa zaidi uziandike kwa mkono. Hizo zitabeba sehemu kubwa ya mapato, na hesabu yako itakuwa karibu sana na kweli.

*Hospitali inasema idadi ya huduma ni siri ya biashara.* Mwombe mdhibiti afanye hesabu ya uzito mwenyewe na atangaze matokeo tu. Ni ombi gumu kukataliwa.

*Tarehe ya maoni imepita.* Andika hata hivyo, kwa ufupi, na uombe barua iingizwe kwenye jalada. Kisha uliza kama kikao bado kinapokea maoni ya mdomo.

*Nimelazwa kabla ya bei mpya, nikatoka baada yake.* Soma uamuzi: je, bei hufuata siku ya huduma au siku ya kutoka? Kama haujasema, dai siku ya huduma, na omba bili iliyogawanywa kwa tarehe.

*Bei mpya zinatozwa kabla ya idhini.* Chukua bili yenye tarehe, orodha iliyoidhinishwa, na barua ya ukurasa mmoja kwa mdhibiti. Omba mambo mawili: hospitali izuiwe kutoza bei hizo, na waliotozwa zaidi warudishiwe. Usiombe la kwanza pekee, kwa sababu watakaolipa kesho watapona na waliolipa jana watasahauliwa.

*Mahali nilipo hakuna anayeidhinisha bei.* Tumia sheria za uwazi, kama zipo. Marekani, kwa mfano, tangu Januari 1, 2021 hospitali hutakiwa kutangaza bei zake mtandaoni, na tangu 2022 mtu asiye na bima ana haki ya kupewa makadirio kabla ya huduma, na anaweza kupinga bili ikizidi makadirio hayo kwa dola 400 au zaidi. Kama hata sheria hiyo haipo, omba makadirio kwa maandishi kabla ya kulazwa kwa jambo lisilo la dharura, uhifadhi karatasi hiyo, na uende na orodha za miaka miwili kwa bodi ya hospitali. Hatua ya 4 hadi ya 7 zinafaa mbele ya bodi kama zinavyofaa mbele ya tume.